Shemeji na Sherehe ya Madoadoa

Mjini kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini, na kuna watu wanaoamka asubuhi kwenda kuwangoja wale wanaotoka kazini. Shemeji alikuwa wa kundi la pili. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na mji. Kila mwanamke aliyekutana naye, yeye alimwita shemeji, na watu wengi huona haya kumkana shemeji hadharani. Mtu hujiuliza: huenda ni wa upande wa dada, huenda ni wa upande wa binamu, ngoja nisije nikaaibika. Katika muda huo mfupi wa kujiuliza ndimo Shemeji alimopatia riziki yake.

Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai mkabala na duka la vitambaa, amevaa koti lililopigwa pasi upande wa mbele tu, maana hakuwa na mpango wa kumpa mtu mgongo kabla ya wakati. Mambo yake yalikuwa mazuri. Alikuwa amewauzia kiwanja kimoja ndugu wawili wasiosemezana, na kwa kuwa bado hawasemezani, hali ilikuwa shwari.

Duka la vitambaa lilikuwa na msiba wake. Mwenye duka aliagiza majora ya mistari, akaletewa majora ya madoadoa: mekundu, ya buluu, ya kijani, makubwa kama visosi na madogo kama dengu. Hakuna aliyeyataka. Alikuwa ameanza kuyatumia kufunikia bidhaa nyingine zisipate vumbi. Ndipo akaingia mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa myeusi, mkoba wa ngozi begani na funguo za gari zikining'inia kidoleni. Aliuliza kama kuna kitambaa cha madoadoa cha kutosha kupamba bustani nzima, kwa ajili ya sherehe ya watoto. Bei hakuiuliza.

Shemeji aliweka kikombe chini. Mtu anayechagua kitu bila kuuliza bei ni mmoja kati ya wawili: ama ni tajiri, ama hana nia ya kulipa. Shemeji, ambaye maisha yake yote alikuwa huyo wa pili, alimtazama yule mama akamweka moja kwa moja katika kundi la kwanza. Akavuka barabara.

"Shemeji, habari za siku nyingi?"

Mama Miwani, kama tutakavyomwita, alimtazama kwa utulivu. "Shemeji wa upande gani?"

"Upande wa heri."

"Huko nina ndugu wachache," alisema. "Lakini karibu."

Shemeji alijitambulisha kuwa mtaalamu wa sherehe za watoto, na katika utaalamu huo amebobea kwenye madoadoa. Alieleza kuwa doa si jambo la kuchezea. Likikaa vibaya linachosha macho ya mtoto, likikaa vizuri linamtuliza na kumfungua akili. Mama Miwani aliuliza amewahi kuandaa sherehe za kina nani. Shemeji alisema ni watu wakubwa sana, wakubwa kiasi kwamba haruhusiwi kuwataja. Mama Miwani akasema vizuri, mtu anayejua kutunza siri ndiye anayemtaka, na akamwelekeza nyumbani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kumfanya tapeli amshukuru Mungu. Bustani ilikuwa pana na majani yamekatwa kama nywele za mwanajeshi. Sebuleni kulikuwa na kabati za vioo zilizojaa vitabu vinene vya sheria, zulia la kuzamisha kifundo cha mguu, na saa ya ukutani iliyopiga taratibu kama inayolipwa kwa kila mlio. Shemeji alivithamini vyote kabla hajakaa.

Kisha akaletwa binti wa nyumba, mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa na madoa meupe ya ngozi mikononi, shingoni, na moja lililozunguka mdomo, kama mtu aliyekunywa maziwa kwa haraka. Mama yake alimwita Kidoti. Alimsalimia Shemeji shikamoo, mikono ameificha nyuma, akatoka kwenda kucheza peke yake kwenye ngazi.

Mama Miwani alieleza jambo lenyewe bila kuzunguka. "Wenzake hawamwiti Kidoti. Wanamwita Madoa, na hawataki kushikana naye mikono. Mwaka jana niliwaalika darasa zima. Nilipika, tukakaa mimi na yeye na masufuria tukitazamana. Safari hii nataka sherehe ambayo asiye na madoa ndiye ataona haya."

Shemeji aliinamisha kichwa. Alikuwa na uso maalumu kwa nyakati kama hizo, na aliuvaa. Lakini moyoni alikuwa akisema: mama mwenye uchungu, mwenye bustani, mwenye gari, kitoweo kimeingia chunguni chenyewe na kimekuja na chumvi. Alipoinua kichwa akagusia malipo ya awali.

Mama Miwani alivua miwani, akaifuta polepole kwa pindo la shali yake. Alisema kulipa si tatizo, anaweza kulipa sasa hivi. Ila amesikitika kidogo, maana alidhani amepata mtu anayeona mbali. Wazazi wa watoto wale ni watu wenye nafasi: mmoja ana malori, mmoja ana hoteli, mwingine anaingiza pampu za maji kutoka nje. Na wana ugonjwa mmoja, kila mmoja hataki mwanawe apitwe. Wakiona sherehe ya madoadoa iliyokamilika, kila mmoja ataitaka yake kabla hajamaliza soda, na atatanguliza malipo palepale. Mtu mwenye akili angeifanya hii ya kwanza kwa gharama zake mwenyewe, iwe kielelezo.

"Unaweza kula chambo leo," alisema akirudisha miwani machoni, "au ukakitupa majini. Wewe ndiye mvuvi, shemeji."

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Shemeji alichukua wembe.

Tangu siku hiyo hakupata usingizi wa mchana. Aliyanunua majora yote kwa fedha taslimu, na mwenye duka alimshika mkono kwa mikono miwili kama mfiwa aliyepata mfariji. Akayapeleka kwa fundi cherehani ashone vitambaa vya meza na mapambo. Fundi akauliza: pale vipande vinapoungana, doa likatwe nusu au litimie? Shemeji alitaka kusema vyovyote. Badala yake alijisikia akisema litimie, kwa sababu mtoto akiona nusu doa atadhani kuna mtu ameliuma. Alitoka pale akiwa na wasiwasi juu ya afya yake.

Kwa mwoka keki mambo yalikuwa magumu zaidi. Mama Miwani alitaka keki ambayo ikikatwa ndani nako kuna madoadoa. Mwoka keki akasema madoa hukaa nje, ndani hukaa keki, na kazi hiyo ameifanya tangu Shemeji hajavaa viatu. Shemeji akakaa pale kwenye joto la tanuri hadi mwoka keki akakubali kujaribu: aoke kwanza vidonge vya keki vya rangi rangi, kisha avitumbukize ndani ya rojo la keki kubwa. Ya kwanza ilitoka kama sponji iliyoangukia kwenye rangi ya mlango. Shemeji aliilipia, akaagiza nyingine.

Kila alipodhani amemaliza, Mama Miwani alipiga simu. Maputo yasiwe ya rangi moja, yawe yenye madoa. Sahani vilevile. Mirija vilevile. "Mwenye malori ana macho, shemeji," alimkumbusha, na Shemeji akarudi tena sokoni. Akiba ya kiwanja ilikuwa ikiyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Ilipokwisha, aliuza pikipiki yake, akajiambia kuwa mbegu nayo huzikwa kwanza ndipo iote. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba kazi ilikuwa nyingi mno, hakupata hata nafasi ya kumdanganya mtu, na kichwa kilimuuma.

Likabaki suala la kuwapaka watoto rangi usoni. Shemeji alipendekeza aletwe mchoraji. Kidoti, ambaye alikuwa kimya chini ya meza akikata duara za karatasi, alitoa kichwa.

"Nitawapaka mimi," alisema. "Mimi najua yanakaa wapi."

Jumamosi mchana, bustani ilikuwa kitu cha kutazamwa. Madoadoa yalianzia getini yakapanda miti, yakashuka juu ya meza, yakaenea kwenye majani ambako duara za karatasi zilikuwa zimetawanywa kama mvua ya rangi iliyoganda. Shemeji mwenyewe alivaa suruali ya madoadoa na kofia yake, kwa kuwa mchekeshaji aliyeitwa alidai kulipwa kabla ya kuchekesha, na Shemeji alimwona hana uaminifu.

Getini palikuwa na kigoda, na juu yake Kidoti, na mkononi mwake kikombe cha rangi nyeupe. Sheria ilikuwa moja: bila madoa huingii. Mtoto wa kwanza aliutoa uso wake kwa mbali, macho ameyafumba kama anayechomwa sindano. Wa pili alisogea kidogo. Waliofuata walianza kusukumana kwenye foleni. Mvulana mmoja, baada ya kuzunguka bustani nzima na kujilinganisha na wenzake, alirudi getini kulalamika kwamba dada yake amepewa ya masikioni na yeye hakupewa. Kidoti alimchunguza kama daktari, akampa ya masikioni, akamwongezea moja kidevuni.

Wakacheza. Walirusha mipira kwenye matundu ya shuka, wakasaka duara za karatasi zilizofichwa kwenye maua, wakakimbizana hadi jasho likawatoka na rangi ikaanza kuwachuruzika mashavuni. Hapo msichana mmoja mwenye mikia miwili ya nywele aliushika mkono wa Kidoti. Aliusugua kwa kidole gumba, akautazama kwa karibu, akausugua tena. Kisha akawageukia wenzake na kuwatangazia kwa huzuni:

"Yake hayatoki."

Watoto wakaja mbio. Kila mmoja alitaka kuthibitisha mwenyewe, na mikono ya Kidoti, yote miwili, ikashikwa na watu wengi kuliko ilivyowahi kushikwa. Mvulana wa masikioni aliuliza kama anaweza kupata hata moja la namna hiyo. Kidoti alimwambia kwa upole kwamba haiwezekani, ni lazima uzaliwe na bahati. Shemeji, aliyekuwa karibu akifunga puto, alilifunga mafundo matatu puto ambalo lilihitaji moja.

Lakini kazi ni kazi. Wazazi walikuwa wamekaa kivulini. Mwenye malori alivaa suti iliyompwaya mabegani. Mwenye hoteli alipakata mkoba wake kama abiria. Mwingiza pampu aliketi kwenye ncha ya kiti, mgongo umenyooka. Walizungumza kidogo na kula sana, na Shemeji alivutiwa nao, kwani aliamini tajiri wa kweli hana haja ya maneno.

Alisimama mbele yao akatoa hotuba. Alisema nukta ndiyo mama wa herufi na baba wa hesabu, hivyo mtoto aliyesherehekea kwa madoadoa hawezi kufeli. Alisema nafasi zilizobaki mwaka huu ni chache, na angependa kumpa kila mmoja, lakini yeye ni binadamu. Wazazi walisikiliza kwa makini ya kanisani. Mwenye malori alikuwa wa kwanza kusimama. Alitoa bahasha nene mfukoni, akaiweka kwa mikono miwili kwenye sinia alilolishika Mama Miwani. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hadi sinia likawa na kilima.

"Nyumba hii hatufungui bahasha mbele ya wageni," Mama Miwani alimnong'oneza alipomkabidhi. "Ni ushamba."

Shemeji, ambaye hakupenda kuonekana mshamba mbele ya watu wenye malori, alizitia zote kwenye begi. Keki ilipoletwa na watoto wakapiga kelele kuona madoa yametokeza ndani, alitangaza kuwa anatoka kidogo kufuata barafu.

Alielekea moja kwa moja kituo cha mabasi ya mbali, na suruali yake ya madoadoa, na furaha ambayo hakuwa nayo tangu siku ya kiwanja. Kwenye dirisha la tiketi alitaja mji wa mbali kuliko yote aliyoiona ubaoni, akafungua bahasha ya mwenye malori ili alipe. Zikamwagika duara za karatasi. Nyekundu na buluu, kubwa na ndogo, zimekatwa vizuri na mtu mwenye subira.

Mkata tiketi alizitazama zile duara, akamtazama Shemeji kuanzia kofia hadi suruali. "Hizi hatupokei, kaka," alisema, akamwita aliyefuata.

Shemeji alikaa kwenye benchi akafungua bahasha zote. Katika kila moja mlikuwa na madoadoa. Mzazi mmoja, ambaye yaelekea alikosa karatasi, alikuwa ametia kifungo cha shati.

Alirudi kwa miguu, hasira ikichemka kila hatua. Alipogonga geti, lilifunguliwa na mwenye malori. Suti ilikuwa imekwenda. Sasa alivaa sare ya ulinzi iliyomkaa sawasawa mabegani, na mashavuni bado alikuwa na madoa meupe mawili aliyopakwa na Kidoti. Hapo Shemeji alikumbuka kwamba siku zote alizokuja, yule mama alimfungulia geti mwenyewe, naye akadhani ni heshima.

"Karibu tena, bwana," mlinzi alisema. "Barafu umepata?"

Wageni walikuwa wameondoka. Mama Miwani alikuwa barazani na ufagio, amefunga kitambaa kichwani, miwani haipo. Bila miwani alionekana mdogo, na amechoka. Shemeji alimweleza kwa sauti ya chini kwamba ameibiwa, na kwamba yeye ndiye mwizi. Yule mama hakubisha. Alisema nyumba si yake, yeye ni mtumishi, mwenye nyumba amesafiri kwenda kumwona mjukuu mchanga. Wazazi ni wazazi wa kweli wa darasa la Kidoti: walinzi, madereva, mpishi wa hoteli. Walikubali kuja kwa sababu ya jumba, na ada ya kuingia ilikuwa kutoa bahasha na kufunga mdomo.

"Ulijua lini?" Shemeji aliuliza.

"Palepale dukani. Mimi sina dada, sina kaka, na mume sijapata. Shemeji angetoka wapi?"

Shemeji alisema mwenye nyumba atalisikia jambo hili, atalisikia lote. Hakuwa amemaliza sentensi pale honi ilipolia na mlinzi akakimbilia geti. Gari likaingia. Akashuka mama mtu mzima mwenye mvi, mrefu, fimbo mkononi, amerudi kabla ya wakati kwa sababu, kama alivyosema baadaye, mjukuu analia na mkwe anaongea.

Miguu ya Shemeji ilimjua kabla ya macho. Alikuwa jaji mstaafu. Zamani aliwahi kusimama mbele yake, upande ule ambao mtu hachagui kusimama, kwa suala la ng'ombe aliowauza na ambao hawakuwapo. Aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, yaani ng'ombe.

Jaji alitazama bustani yake iliyojaa duara za karatasi. Akamtazama mlinzi wake mwenye madoa. Akamtazama mtumishi wake, aliyekuwa ameukumbatia ufagio, na Kidoti, aliyekuwa amejitokeza mlangoni na keki mdomoni. Mwisho akaielekeza fimbo kwenye suruali.

"Huyu nani?"

Shemeji alijua kwamba huu ndio mlango wake. Neno moja tu, na yule mama atafungasha kabla ya jua kuzama, yeye na mtoto wake. Alifungua kinywa alitoe. Kidoti alikuwa akimtazama, na mikono yake hakuwa ameificha nyuma. Alikuwa ameiacha wazi, imejaa alama za vidole vya watu wengine.

"Ni mtu wa bustani, mheshimiwa," Shemeji alisema. "Nimeitwa kuokota takataka. Upepo umeleta makaratasi."

"Makaratasi ya mviringo matupu?"

"Upepo wa siku hizi, mheshimiwa, haueleweki."

Jaji alimtazama kwa jicho ambalo wengi waliwahi kuliogopa. "Sura yako si ngeni kwangu."

"Ni sura ya kawaida, mheshimiwa. Wengi wanayo."

Jaji aliangalia tena majani, madoa, mtoto. Kisha akasema basi ayaokote yote, na asibakize hata moja, na akaingia ndani akiuliza kama kuna chai.

Shemeji aliinama. Hakuwa amewahi kuambiwa jinsi karatasi ndogo zinavyong'ang'ania majani mabichi. Aliokota akijaza begi lake, mgongo ukimuuma, akitafakari kwamba amesema uongo wa bure, uongo usio na faida hata ya nauli, na kwamba jambo hili likijulikana mjini amekwisha. Baadaye Kidoti alikuja akachuchumaa kando yake, akaokota naye. Mama yake akatoka mlango wa jikoni na sahani, akaiweka kwenye majani karibu na mkono wa Shemeji, akarudi haraka kumpelekea jaji sukari.

Ilikuwa keki, kipande cha katikati, kimejaa madoadoa mpaka ndani. Shemeji alifuta vidole kwenye suruali akakila chote. Kwa miaka mingi hakuwa amekula kitu alichokilipia mwenyewe, na alilazimika kukubali kwamba kilikuwa kitamu.